Ndege ya Vita Inayojificha: Bei Yake na Gharama Yake

Natumaini kila mmoja wenu amekwisha pata mahali pa kukaa, na daftari na kalamu viko tayari. Mwalimu wa darasa naye ashike chaki, maana leo tutapiga hesabu kidogo ubaoni. Wale watakaolisoma somo hili katika karatasi zilizopigwa chapa wasome polepole, na wakifika penye hesabu waifanye wenyewe kabla ya kutazama jibu.

Leo tutazungumza habari za ndege moja ya vita ya Marekani, iitwayo F-35. Hutengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin, katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas. Wengi wenu mmesikia ikitajwa katika taarifa za habari kwamba ni ndege isiyoonekana. Tutaeleza mambo manne: jinsi inavyojificha, kazi inayoweza kufanya, gharama yake, na yale yanayotazamiwa katika siku za mbele.

Kabla hatujaanza, andikeni maneno mawili katika madaftari yenu: bei, na gharama. Watu huyachanganya, lakini si kitu kimoja. Mtu akinunua baiskeli, fedha anazompa mwenye duka ndiyo bei. Baadaye tairi hupasuka, mnyororo hukatika, breki huisha. Fedha zote atakazotoa tangu siku ya kununua mpaka siku baiskeli itakapotupwa, ndiyo gharama. Bei hulipwa siku moja. Gharama hulipwa miaka yote. Yashikeni maneno haya, maana tutayarudia.

RADA HUFANYA KAZI NAMNA GANI

Ukisimama bondeni ukaita kwa nguvu, sauti yako hugonga mlima na kukurudia. Huo ndio mwangwi. Popo naye huruka usiku bila kugonga kitu, kwa sababu hutoa sauti nyembamba na kusikiliza mwangwi wake.

Rada ni mtambo wa namna hiyo, ila badala ya sauti hutumia mawimbi ya redio. Mtambo hutupa mawimbi angani. Mawimbi hayo huenda kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Yakigonga ndege, sehemu ndogo hurudi kwenye mtambo. Kwa kupima muda uliopita, mtambo hujua ndege iko umbali gani. Usiku au mchana, penye mawingu au pasipo mawingu, rada huona.

Basi, mtu afanye nini ili rada isimwone? Chukueni mfano wa kurunzi. Ukimulika kurunzi kwenye kioo kilichosimama mbele yako sawasawa, mwanga unakurudia machoni. Ukikiinamisha kioo kile kidogo, mwanga unakwenda kwingine, nawe huoni kitu. Hiyo ndiyo njia ya kwanza: umbo. Ubavu wa ndege, mabawa na mkia huelekezwa kwa pembe maalumu, ili mawimbi yakiigonga yaende kando yasirudi kwa aliyeyatuma. Njia ya pili ni ngozi ya ndege. Hutiwa vitu vinavyoyameza mawimbi, kama godoro linavyomeza sauti ya ngoma. Njia ya tatu ni kuficha. Mabomu na makombora hayaning'inizwi chini ya mabawa, bali hufungiwa tumboni mwa ndege. Milango ya tumbo hufunguliwa kwa muda mfupi tu wakati wa kutupa.

Kwa hiyo, neno "isiyoonekana" si sahihi. Mkiwa karibu nayo, mtaiona kwa macho yenu kama ndege nyingine yoyote, na kelele zake zitawatikisa. Ukweli ni kwamba rada huchelewa kuiona. Sasa tuone kwa hesabu.

HESABU YA UBAONI

Mawimbi ya rada hupungua nguvu kwa kadiri yanavyokwenda mbali. Umbali ukiwa mara 2, nguvu inayofika hupungua mara 4. Lakini mawimbi yana safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kwa hiyo hupungua mara 4 katika kwenda, na mara 4 tena katika kurudi. Nne mara nne ni 16.

Maana yake ni hii: mtengenezaji anayetaka ndege yake ionekane kwa nusu tu ya umbali wa zamani hana budi kupunguza mwangwi wake mara 16. Akitaka ionekane kwa sehemu moja ya kumi ya umbali, ni lazima aupunguze mara 10 kwa 10 kwa 10 kwa 10. Fanyeni hesabu hiyo. Jibu ni mara 10,000.

Je, kazi kubwa hivyo ina faida gani? Tuseme kuna rada inayoweza kuiona ndege ya kawaida kwa umbali wa kilomita 300. Tuseme tena ndege hiyo inakwenda kilomita 900 kwa saa. Gawanyeni 900 kwa dakika 60: ni kilomita 15 kwa dakika. Kilomita 300 gawanya kwa 15 ni 20. Walinzi wana dakika 20 za kujitayarisha. Sasa ije ndege ambayo mwangwi wake umepunguzwa mara 10,000. Itaonekana ikiwa kilomita 30 tu. Gawanyeni kwa 15. Walinzi wana dakika 2. Hizo dakika 18 zilizopotea ndizo kitu kinachonunuliwa kwa fedha zote tutakazozitaja leo.

FIKRA ILITOKA WAPI

Mwaka 1962, mtaalamu mmoja wa Kirusi, Pyotr Ufimtsev, alitoa kitabu mjini Moscow. Alieleza kwa hesabu jinsi mawimbi yanavyorudi yakigonga kingo za kitu. Wakuu wa nchi yake hawakuona hatari yoyote, wakakiacha kitoke. Mwaka 1971 Wamarekani walikifasiri. Baadaye mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya Lockheed, Denys Overholser, alikisoma akatambua kwamba kwa hesabu zile mtu anaweza kupima mwangwi wa ndege hata kabla ya kuiunda. Ndugu zangu, oneni nguvu ya kusoma. Kitabu kile kilikuwa wazi kwa kila mtu, lakini aliyefaidika ni yule aliyekisoma kwa makini.

Kutokana na hesabu hizo Marekani iliunda ndege iliyoitwa F-117. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1981, na ikafichwa mpaka Novemba 1988 ndipo watu wakaonyeshwa picha yake. Mwili wake ulikuwa wa mabapa, kama jiwe lililochongwa. Sababu ni kwamba kompyuta za siku hizo ziliweza kupigia hesabu vitu bapa tu, si vya mviringo.

Ben Rich, aliyekuwa mkuu wa karakana ya siri ya Lockheed, ameandika kisa kimoja cha ndege ya majaribio iliyotangulia hiyo. Siku moja ilionekana vizuri kabisa kwenye rada, na mafundi hawakujua kwa nini. Walipoichunguza wakakuta skrubu tatu hazikukazwa barabara. Vichwa vyake vilikuwa vimetokeza kidogo juu ya ngozi ya ndege. Basi hayo tu yalitosha kuifichua. Kisa hiki tukikumbuke tutakapofika kwenye gharama.

Kisa cha pili ni cha tarehe 27 Machi 1999. Majeshi ya nchi za magharibi yalikuwa yakiishambulia Yugoslavia kutoka angani. Usiku ule kikosi cha makombora cha Waserbia, chini ya afisa Zoltán Dani, kiliangusha F-117 moja. Kombora lao lilikuwa S-125, la namna iliyoanza kutumika mapema katika miaka ya 1960. Walifanyaje? Walikuwa na rada ya kizamani yenye mawimbi marefu, na mawimbi ya aina hiyo hayadanganywi sana na umbo la ndege. Tena Dani aliwafundisha watu wake kuwasha mitambo kwa sekunde chache tu, kisha kuhama mara moja, ili wao wenyewe wasishambuliwe. Rubani, Dale Zelko, alijirusha kwa mwavuli akaokolewa na wenzake. Miaka kadhaa baadaye watu hawa wawili walikutana wakawa marafiki.

Tunajifunza nini? Kujificha kunasaidia sana, lakini si kinga kamili. Mjuzi mwenye chombo cha zamani aweza kumshinda mzembe mwenye chombo kipya.

F-35 INAWEZA KUFANYA NINI

Sasa tuingie kwenye ndege yenyewe. Marekani iliichagua kampuni ya Lockheed Martin kuitengeneza F-35 mwezi wa Oktoba 2001. Iliruka mara ya kwanza Desemba 2006. Kufikia mwaka 2024 zilikuwa zimekwisha tengenezwa zaidi ya 1,000.

Zipo za aina tatu. Aina ya A huruka na kutua katika kiwanja cha kawaida. Aina ya B inaweza kutua wimawima kama helikopta, kwa hiyo yafaa penye nafasi ndogo. Aina ya C ina mabawa makubwa zaidi, nayo hutumika katika manowari zinazobeba ndege. Kila moja ina injini moja na rubani mmoja.

Msidhani kwamba ni ndege ya mbio kuliko zote. Mwendo wake wa juu ni mara 1.6 ya mwendo wa sauti. Ndege ya F-15, iliyoanza kazi katika miaka ya 1970, ina mbio kuliko hiyo. Nguvu ya F-35 iko katika kujua. Ina rada yake yenyewe, ina kamera pande zote, na ina mitambo ya kusikia rada za adui. Kompyuta hukusanya habari hizo zote na kumwonyesha rubani picha moja. Picha hiyo huonekana ndani ya kofia yake, mbele ya macho. Akitazama chini, kofia humwonyesha kilicho chini ya ndege, kana kwamba sakafu haipo. Kofia moja tu hugharimu kiasi cha dola 400,000.

Tena ndege hii hupeleka habari hizo kwa ndege nyingine na kwa majeshi yaliyo chini. Ni kama mvuvi aliyepanda juu ya mlingoti: yeye haonekani sana, lakini anawaona samaki na kuwaambia wenzake watupe nyavu wapi.

Lakini ina mipaka yake. Tumbo lake halichukui silaha nyingi. Rubani akitaka kubeba nyingi zaidi, inambidi azitundike chini ya mabawa, na hapo mwangwi wa ndege unarudi kuwa mkubwa. Hawezi kupata yote mawili.

Ndege hizi zimekwisha ingia vitani. Mwezi wa Juni 2025 Israeli ilizitumia katika kuishambulia Irani, nchi yenye rada na makombora mengi. Irani ilidai kuangusha baadhi yake, na Israeli ikakana. Katika vita vile vya siku 12 mamia ya watu waliuawa. Tunapozungumza juu ya dakika 2 na dakika 20 ubaoni, tusisahau kwamba chini ya ndege wamo watu.

BEI, NA GHARAMA

Sasa tumefika kwenye yale maneno mawili. Fungueni madaftari.

Ndege ya kujificha iliyoitangulia F-35 ni F-22. Hapo mwanzo Marekani ilifikiri kununua F-22 750. Bei ilipanda, adui aliyekusudiwa, yaani Urusi ya Kisovieti, akatoweka, na mwishowe zilitengenezwa 187 tu za kupigania, mbali na za majaribio. Kiwanda kikafungwa. Kwa hiyo F-35 iliundwa kwa shauri jingine: majeshi matatu ya Marekani yatumie ndege ya namna moja, na nchi rafiki nazo zinunue, ili gharama igawanywe kwa wengi. Shauri hilo kwa upande wa bei lilifaulu kwa kiasi. Mkataba uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba bei ya aina ya A ingekuwa chini ya dola milioni 80 kwa ndege moja. Kwa ndege ya vita ya siku hizi, bei hiyo haikuwa ya kushangaza.

Ama kwa upande wa gharama, mambo ni mengine. Marekani ina ofisi ya ukaguzi inayolifanyia kazi Bunge lake. Ofisi hiyo hutoa taarifa, na taarifa hizo kila raia aweza kuzisoma. Mwaka 2018 makadirio ya kuzitunza na kuzirusha F-35 zote za Marekani, kwa maisha yao yote, yalikuwa dola trilioni 1.1. Mwaka 2023 makadirio yale yale yalikuwa yamefika dola trilioni 1.58. Yaani yameongezeka kwa 44 kwa mia katika miaka mitano, hali majeshi yamepunguza saa yanazotazamia kuzirusha. Ukijumlisha na fedha za kuziunda na kuzinunua, jumla inapita dola trilioni 2.

Trilioni ni nini? Milioni mara milioni. Lakini maneno hayo hayaonyeshi ukubwa wake, basi tuhesabu kwa muda. Tuseme mtu anahesabu dola moja kila sekunde, hali wala halali. Atamaliza dola milioni 1 kwa siku 11 na nusu hivi. Dola bilioni 1 zitamchukua karibu miaka 32. Dola trilioni 1 zitamchukua karibu miaka 32,000. Hata wajukuu wa wajukuu wake hawataona mwisho wake.

Sasa tuligawe. Marekani imekusudia kununua ndege 2,470 hivi. Gawanyeni trilioni 1.58 kwa 2,470. Mtapata dola milioni 640 hivi kwa kila ndege, za kuitunza na kuirusha. Bei yake ilikuwa kiasi cha dola milioni 80. Gawanyeni 640 kwa 80. Jibu ni 8. Kwa kila dola moja ya kununua, zinakuja dola nane za kutunza.

Tuwe waangalifu hapa, maana hesabu nzuri husema pia mipaka yake. Hizo milioni 640 ni za miaka mingi, kwa kuwa ndege hizi zinatazamiwa kuruka mpaka mwaka 2088, na ndani yake imetiwa hesabu ya kupanda kwa bei za vitu. Tena aina ya B na ya C zina bei kubwa kuliko aina ya A. Kwa hiyo msishike ile 8 kama namba kamili. Ishikeni kama ishara: mzigo mkubwa uko baada ya kununua.

Kwa nini kutunza kuwe ghali hivyo? Kumbukeni zile skrubu tatu. Ndege ya kujificha haina budi kuwa na ngozi laini, isiyo na ufa wala uvimbe. Fundi akifungua kifuniko ili atengeneze kitu cha ndani, lazima akirudishe na kukiziba sawasawa. Ngozi ya F-35 ni imara kuliko ya zile za kwanza, lakini bado yahitaji mafundi waliosomea kazi hiyo. Injini nayo ina kazi ya ziada ya kupoza mitambo mingi ya umeme. Na vipuri vimekuwa haba. Mwezi wa Machi 2023 wakaguzi walikuta kwamba katika kila ndege 100, ni 55 tu zilizokuwa tayari kwa kazi. Nyingine zilikuwa chini, zikingoja vipuri au mafundi. Mwenye malori 100 akiona 45 hayaendi, atauliza maswali. Ndivyo Bunge la Marekani lilivyouliza.

Na mara nyingine ndege huwapotea wenyewe. Tarehe 17 Septemba 2023, katika jimbo la South Carolina, rubani wa F-35 alijirusha kwa mwavuli, nayo ndege ikaendelea kuruka peke yake. Jeshi halikujua imeangukia wapi, likawaomba raia walioiona watoe habari. Mabaki yake yalipatikana siku iliyofuata.

KISA CHA WASWISI

Labda mtu mmoja darasani anasema: "Hayo ni mambo ya wakubwa na majenerali. Mtu wa kawaida yanamhusu nini?" Namjibu kwa kisa cha Uswisi.

Uswisi ni nchi ndogo ya Ulaya, na desturi yake ni kuwauliza wananchi kwa kura juu ya mambo makubwa. Tarehe 27 Septemba 2020 waliulizwa kama serikali itumie mpaka faranga bilioni 6 kununua ndege mpya za vita. Walipiga kura zaidi ya milioni 3. Waliokubali walikuwa 50.1 kwa mia. Tofauti ya waliokubali na waliokataa haikufika kura 9,000. Fikirini: jambo la mabilioni liliamuliwa na watu wachache kama hao, wakulima, wauza duka, wauguzi na walimu.

Mwaka 2021 serikali ikachagua F-35 aina ya A, ndege 36, na mwaka 2022 ikatia sahihi mkataba. Wananchi waliambiwa kwamba bei ni ya mkato, haitabadilika. Kumbe mwaka 2025 Marekani ikasema kwamba neno hilo lilieleweka vibaya, na kwamba Uswisi itapaswa kuongeza fedha, labda dola milioni 650, labda hata mara mbili ya hizo. Mabishano yote yakawa juu ya maneno machache katika mkataba: bei ya mkato maana yake nini, na ni bei ya nani?

Mabibi na mabwana, hili si jambo la Waswisi peke yao. Mtu anayeuza mazao yake kwa mkataba, anayekopa fedha, anayejiunga na chama cha ushirika, naye hutia sahihi au dole gumba chini ya maneno. Ikiwa hakuyasoma, mwingine ndiye atakayemwambia baadaye maana yake.

SIKU ZA MBELE

Je, ndege hizi zitaendelea kuwa na faida? Wataalamu wanabishana.

Wanaozisifu husema: rubani asiyeonekana mapema hurudi nyumbani salama, na adui anayejua hivyo huogopa kuanzisha vita. Wasemao kinyume hujibu: fedha hizo zingeweza kujenga shule na hospitali, na ndege ambayo nusu ya wenzake ziko karakani haimtishi mtu. Kila upande una hoja, nami sitawachagulia.

Lakini mambo mengine ni dhahiri. Kwanza, Marekani si peke yake tena. Urusi ilirusha ndege yake ya kujificha, Su-57, mwezi wa Januari 2010. Uchina ikarusha J-20 yake Januari 2011. Pili, wanaotafuta nao wanaendelea. Kuna rada za mawimbi marefu zilizo bora kuliko ile ya Zoltán Dani, na kuna mitambo inayotafuta joto la injini badala ya mwangwi. Umbo la ndege linaweza kuidanganya rada, lakini moto wa injini hauna pa kujificha kabisa. Tatu, ndege zisizo na rubani zimeongezeka. Marekani inajaribu ndege za namna hiyo ziruke pamoja na ndege yenye rubani, zimtangulie penye hatari.

Tarehe 21 Machi 2025 Rais wa Marekani alitangaza kwamba kampuni ya Boeing itaunda ndege mpya iitwayo F-47. Uingereza, Italia na Japani nazo zinaunda yao pamoja, nao wanakusudia iwe tayari mwaka 2035. Ndege hizo zitakapoonyeshwa, tutaambiwa mwendo wake, silaha zake na bei yake. Ninyi mkisikia bei, ulizeni lile neno la pili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini si sahihi kusema kwamba F-35 haionekani?

2. Rada moja huiona ndege ya kawaida kwa umbali wa kilomita 240. Mwangwi wa ndege ukipunguzwa mara 16, itaonekana kwa umbali gani? Ikiwa inakwenda kilomita 15 kwa dakika, walinzi watakuwa na dakika ngapi?

3. Skrubu tatu za Ben Rich zatufundisha nini juu ya gharama?

4. Kama ungekuwa Mswisi mwaka 2020, ungetaka kuambiwa nini kabla ya kupiga kura?

5. Chagueni chombo kimoja kinachotumika hapo mlipo: mashine ya kusaga, pampu ya maji, mashua, au pikipiki. Andikeni bei yake. Kisha andikeni kila kitu kilicholipwa kwa ajili yake katika mwaka mmoja uliopita, mkijumlisha. Linganisheni namba hizo mbili.

Swali la tano ndilo kazi ya nyumbani. Njooni nayo katika madaftari, kila mtu kwa mwandiko wake mwenyewe. Juma lijalo mwalimu wa darasa ataanza kwa kuyasoma majibu yenu.